Mama Kochi na Mshono Uliokwenda Upogo

Saa mbili asubuhi, kabla hata ya kufungua dirisha la karakana, Mama Kochi anavua ndara ya kulia na kukanyaga pedali ya chuma ya cherehani kwa unyayo mtupu. Anatulia. Kisha anacheka peke yake.

"Baridi," anasema. "Zamani ilikuwa kero. Leo naishukuru."

Mtaa mzima unamjua kwa jina hilo. Ana miaka arobaini na sita, na kazi yake ni kuvika upya makochi yaliyochakaa. Alikuwa akimaliza seti tatu kwa mwezi, mpaka yalipoanza maumivu ya kuzunguka kifua, kama mkanda uliokazwa kupita kiasi.

Miaka miwili alimeza dawa za vidonda vya tumbo. "Nikanyimwa pilipili, nikanyimwa chai, nikabaki kunusa vya wenzangu!" Kumbe vidonda vyenyewe havikuwapo.

Siku moja mshono ukamtoroka, ukaenda upogo urefu wa kiganja. Mguu ulikuwa ukikanyaga pedali naye hana habari.

"Nikamtania, wifi, umelewa asubuhi yote hii?" anakumbuka wifi yake, anayefanya naye kazi. "Akaanza kuufinya mguu, machozi yanamlengalenga. Nikajua hapa pana jambo."

Picha za hospitali zikatoa jibu. Kisahani laini kilicho kati ya pingili mbili za mgongo, usawa wa kifua, kilikuwa kimechomoza na kuubana mshipa mkuu wa fahamu. Asipopasuliwa, miguu ingezidi kufa ganzi. Akipasuliwa, angeweza kuamka hatembei kabisa.

Daktari wa upasuaji alimweleza njia zilizopo. Kuingia moja kwa moja kutoka mgongoni ni hatari, kwa kuwa mshipa huo umekaa njiani na hautaki kusukumwa. Kupitia kifuani, kwa kupasua au kwa kamera ndogo, huwafaa zaidi wale ambao kisahani chao kimechomoza katikati na kuwa kigumu. Chake kilikuwa laini, kimeegemea upande. Yeye angeingiliwa pembeni, kwa kuondoa kipande kidogo cha ubavu.

"Nikamwambia, daktari, mbona hiyo kazi yangu! Springi ikivunjika sichani kitambaa cha mbele. Nalaza kochi, nafungua pembeni."

Swali lake lilikuwa moja: pingili zote zinafanana, atajuaje iliyo mbovu? Daktari akajibu kwamba atahesabu mbavu kwa eksirei, kisha atahesabu tena.

"Hapo roho ikatua. Fundi asiyepima mara mbili simpi hata mto."

Upasuaji ulichukua saa nne. Sasa ni miezi mitano, na mguu bado unachoka: anashona nusu saa, anapumzika. Kunyanyua vitu ni marufuku. "Akigusa hata mto namfokea," anasema wifi.

Ukutani kinaning'inia kile kitambaa cha mshono wa upogo. Ni cha kochi la nyumbani kwake, alilokuwa akiliahidi miaka kumi na moja huku akivika ya watu. Mganga hajigangi. Aliapa hatakifumua mpaka mguu urudi.

Leo anakishusha, anafumua uzi taratibu, anakilaza chini ya sindano. Mwisho wa mwezi anataka kochi liwe sebuleni.

"Nani atakaa wa kwanza?" anauliza wifi.

"Wewe," anasema Mama Kochi, na kukanyaga. "Mimi nimekaa vya kutosha."