Orodha ya Madawati Mabovu

Sekretari wa shule hii anaitwa Mama Muhuri, na jina hilo hakujipa. Walimu ndio waliompa, kwa sababu muhuri wa shule unakaa kwenye mkoba wake, na ukitaka barua yako igongwe lazima kwanza umsalimie vizuri, umuulize habari za goti, usubiri jibu, na jibu lenyewe ni refu. Kuna wazazi waliokuja kuchukua cheti cha mtoto wakaondoka wanalijua goti la Mama Muhuri kuliko magoti yao wenyewe.

Chumba chake kiko katikati, huku ofisi ya Mkuu wa Shule, huku chumba cha walimu. Kuna kabati la chuma lenye droo nne, moja haifungi. Kuna printa inayomeza karatasi mbilimbili. Kuna meza, na juu ya meza kompyuta, na ndani ya kompyuta miaka kumi na tisa ya shule imepangwa kwa namna anayoijua yeye peke yake. Ukimuuliza ratiba ya mitihani iko wapi, hakutajii jina la faili. Anakwambia, "Safu ya tatu, ya pili kutoka ukutani, chini ya ile ya mpira." Ukutani maana yake kulia, kwa sababu kulia kwake kuna ukuta. Walimu walishanyoosha mikono. Mtu akitaka karatasi anakuja kusimama nyuma ya kiti chake, naye bonyeza, bonyeza, hiyo hapo, kisha anarudi kwenye chai yake akiwa mtu mkubwa.

Safu ya mwisho kabisa kulikuwa na folda inayoitwa Mengineyo. Ndani yake folda nyingine, Mengineyo Mengine. Na humo ndani faili moja tu, lenye jina la Orodha ya Madawati Mabovu. Jina lisikudanganye, hamna dawati hata moja humo. Kulikuwa na barua ya kuomba uhamisho. Aliiandika miaka sita iliyopita, wiki ile dada yake alipompigia simu kusema mama yao ameanza kuanguka ovyo, kuoga mwenyewe hawezi tena, na mtu mmoja hatoshi kumwangalia.

"Mdogo wangu, omba uhamie shule ya huku kwetu," dada alimwambia. "Mkuu wako akisaini tu, mengine yatajipa."

Akaiandika siku hiyo hiyo. Barua nzuri, aya tatu, chini nafasi ya sahihi ya Mkuu. Akaipa jina lile kwa hesabu zake: hakuna binadamu mwenye akili timamu atakayefungua orodha ya madawati mabovu.

Hakuitoa. Wiki ile kulikuwa na mitihani. Iliyofuata wakaja wakaguzi. Dada alipouliza imefikia wapi, akajibu la kwanza lililomjia mdomoni: "Mkuu hataki kuniachia. Anasema shule itasimama." Basi huo uongo akaukalia miaka sita. Kila Ijumaa baada ya kengele ya mwisho alikuwa anaifungua barua, anabadili tarehe, anaisoma, anaifunga. Na kila dada alipopiga simu, Mkuu alizidi kuwa katili. Kufika mwaka wa nne, Mkuu wa kwenye simu alikuwa anapiga meza kwa ngumi. Mkuu mwenyewe, mtu mpole anayeomba radhi hata akijikwaa kwenye kiti, hana habari.

Ukweli ni kwamba Mama Muhuri alikuwa anaogopa. Hapa alikuwa Mama Muhuri. Kule angekuwa mdogo wa dada yake, wa kutumwa beseni.

Jumanne moja akaja fundi wa kompyuta kutoka ofisi ya elimu, bwana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Alikuja kuweka mfumo mpya. Akakaa kwenye kiti cha Mama Muhuri saa mbili nzima, akanywa chai yake, akainuka.

"Tayari, mama. Utaupenda. Rahisi sana."

Mama Muhuri akakaa, akatazama kioo. Folda zake za njano zimepauka. Maneno aliyoyazoea juu kule yameondolewa, mahali pake pamewekwa vipicha vidogo, mkasi, pipa, kitu kama pipa lingine. Safu hamna.

"Fundi, ukuta wangu uko wapi?"

"Ukuta gani, mama?"

"Safu zangu. Nilikuwa nimepanga."

"Aa, mambo ya kupanga yamepitwa na wakati hayo. Siku hizi mashine inapanga yenyewe. Kile unachokifungua sana inakuletea mbele. Ukitaka kingine andika neno hapa juu, kwenye hiki kisanduku, inakitafuta."

"Inajuaje nakifungua sana?"

"Inahesabu," alisema fundi, akachukua begi lake, huyo akaenda.

Mama Muhuri akashusha macho. Pale mbele, kwa maandishi ya kupendeza, mashine ilikuwa imeandika Vinavyotumika Sana, na cha kwanza chini yake kilikuwa Orodha ya Madawati Mabovu. Akakigusa kidogo tu, hakukifungua, na upande wa ukutani ukatokea ukurasa mzima, unasomeka kama tangazo la mnada: MAOMBI YA UHAMISHO, herufi nyeusi, mstari chini yake. Akaizuia skrini kwa kiganja, akageuka kuangalia mlango.

Utauliza kwa nini hakuifuta yakaisha. Alijaribu. Akapeleka mshale kwenye pipa, mashine ikamuuliza kama ana hakika. Hakuwa na hakika. Barua ya kwenda kwa mama yako unaifutaje? Akasema hapana, asante. Kulibadili jina kusingesaidia kitu, maana lingekaa pale pale mbele na ukurasa wake ule ule, na tena jina lipi lingechosha kuliko lile?

Akakata shauri. Kama mashine inahesabu, naye atahesabu. Jumatano yote akawa anafungua mafaili mengine, anayafunga, anafungua tena, ili ile barua isukumwe chini. Alifungua kumbukumbu za kikao kuhusu kengele iliyoibiwa, mara arobaini. Alifungua barua ya malalamiko juu ya mbuzi wa jirani, mara arobaini na tano, na hapo tayari alikuwa anaijua kwa moyo na ameanza kumwonea huruma mbuzi. Mwalimu wa Hesabu akapita na kikombe chake.

"Mama Muhuri, leo umewaka!"

"Kazi, mwalimu."

"Pole na kazi."

"Ndiyo maisha."

Jioni barua ilikuwa imeshuka mpaka nafasi ya nne. Akapumua. Halafu, mtu mzima na akili zake, akaifungua mara moja tu kuhakikisha hakuna herufi iliyoharibika, na mashine ikaichukua ikairudisha juu kabisa, safari hii kwenye orodha nyingine inayoitwa Vilivyofunguliwa Sasa Hivi. Mama Muhuri akafyonya. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, akaenda zake nyumbani.

Alhamisi saa nne asubuhi Mkuu akaingia mbiombio, miwani kwenye paji la uso.

"Mama Muhuri, bahati imetuangukia! Chama cha maseremala wamenipigia simu. Wanajitolea kututengenezea madawati. Wanataka orodha ya mabovu kabla ya saa sita."

"Hatuna orodha, Mkuu."

"Hatuna?"

"Hatujawahi kuwa nayo."

Mkuu akashusha miwani, akainama juu ya bega lake. "Si hiyo hapo? Hiyo ya kwanza kabisa! Tena na huku chini mashine yenyewe inasema inatumika sana." Akamgeukia, uso umechangamka. "Hongera, mama. Mimi sikujua kuna mtu shule hii anayajali madawati kiasi hiki."

"Hiyo ya zamani, Mkuu. Imepitwa. Acha nikaandike nyingine."

"Hata ya zamani itatufaa kuanzia."

Akashika kipanya mwenyewe. Kwa miaka yote kumi na tisa hajawahi kukigusa kipanya cha chumba kile. Mama Muhuri akaona mkono unakwenda, akataka kusema goti, akataka kusema umeme, akataka kuanguka. Mkuu akabonyeza.

Alisoma akiwa amesimama, aya zote tatu, polepole, kama mtu anayesahihisha insha. Kisha akauliza, "Mama yako anaumwa?"

"Uzee, Mkuu. Kuoga mwenyewe hawezi."

"Tangu lini?"

Tarehe iliyokuwa kwenye barua ilikuwa ya Ijumaa iliyopita. Angeweza kuishika hiyo. "Miaka sita," akasema.

"Na hii ndiyo inayotumika sana."

"Ndiyo, Mkuu."

Mkuu akapandisha miwani kwenye paji la uso. "Ichapishe," akasema.

Printa ikameza karatasi mbili, ya tatu ikatoka. Sasa sahihi ya Mkuu inajulikana. Cheti cha mwanafunzi kinaisubiri wiki mbili, ombi la likizo linaisubiri mwezi. Siku hiyo akatoa kalamu ya mfuko wa shati, akasaini pale pale kwenye kona ya meza, hata kukaa hakukaa.

"Muhuri," akasema.

Mama Muhuri akafungua mkoba, akautoa, akaigonga barua yake kwa mkono wake.

"Ungeniambia tu, mama," alisema Mkuu. "Chukua likizo zako zote, maana hujawahi kuzigusa. Jumamosi panda gari uende. Uhamisho utakukuta huko huko."

"Na shule je?"

"Shule ipo."

"Nani atajua vitu viko wapi?"

Mkuu akainama, akaandika kwenye kile kisanduku cha juu neno moja, ratiba, kwa kidole kimoja, na kabla hajanyoosha mgongo ratiba ya mitihani ilikuwa imeshatokea. "Hiki kidude kizuri," akasema kwa upole wake ule. Hakuwa na nia mbaya.

Iliuma. Iliuma kuliko goti. Miaka sita alikuwa amejiandaa kukataliwa, alishapanga na majibu. Angekataa basi hata dakika tano! Aseme hapana bwana, utatuachaje, apige meza kidogo. Mtu amekuachia kama anayempisha mwenzake mlangoni, na bado unatakiwa useme asante. Akasema asante.

"Haya, madawati," alisema Mkuu.

Wakazunguka darasa kwa darasa, Mkuu mbele na daftari anahesabu miguu iliyovunjika, Mama Muhuri nyuma anachechemea. Walipofika darasa la mwisho Mkuu alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na alimwomba radhi mtoto mmoja kwa kumsumbua asogee. Orodha ikapatikana saa sita kasorobo. Mama Muhuri akaichapa, akaipa jina lake halali, akaituma kwa maseremala.

Baada ya kengele ya mwisho akafunga mlango wa chumba chake, akampigia dada yake.

"Dada, Mkuu amesaini."

"Amesaini? Yule? Mungu mkubwa! Baada ya miaka sita!" Dada akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Imekuwaje ghafla hivyo? Au anaumwa?"

Hapo angenyamaza. Kila kitu kilikuwa kimekwisha na kila mtu angebaki na heshima yake, mwovu ametubu, barua imesainiwa. Lakini alikuwa amemwona yule mtu na vumbi lake kwenye nyusi, na mdomo ukakataa.

"Dada. Hajawahi kukataa. Mimi sikuwahi kumpa barua."

Nyuma ya simu maji yalikuwa yanamiminwa kwenye beseni, na sauti ya mama yao ikauliza ni nani huyo, ikauliza tena, haikujibiwa.

"Dada?"

"Nipo."

"Nisamehe. Niliogopa."

"Miaka sita namlaani huyo mwalimu," dada akasema. Sauti haikupanda. "Kila nikimnyanyua mama, namlaani yeye. Mgongo ukiuma, yeye."

"Najua."

"Hujui."

Dada akaanza kumpangia kazi.

"Mama anaamka saa kumi na moja. Maji uyachemshe kabla, asikae na baridi. Anza na miguu, kichwa mwisho, ukianza na kichwa analia. Jumatatu utamwogesha wewe. Mimi nitakuwa nimelala."