Gunia Lililovuka Aflao

Selorm Adzaho hakuuza gari bila gunia lake. Hiyo ndiyo kanuni aliyojiwekea tangu alipofungua gereji katika mji wa Ashaiman, nyuma ya kituo cha mafuta, na hakuwahi kuivunja. Ndani ya gunia aliweka kila kipande alichokitoa kwenye gari kabla ya kulitengeneza: taa iliyopasuka, bampa lililokunjika, rejeta iliyotoboka, mkanda wa kiti uliokatwa na waokoaji. Mnunuzi alitakiwa kulimwaga mwenyewe chini, atazame vizuri, ndipo alipe.

Magari yake yalitoka Marekani yakiwa yamegongwa. Mdogo wake, Edem, aliyanunua huko kwa bei ya vyuma na kuyapakia melini hadi bandari ya Tema. Kwa kuwa yalikuwa mabovu, forodha iliyatoza ushuru wa mabovu, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipopata gari. Walimu walinunua kwake. Wauza samaki pia, na madereva waliochoka kumfanyia kazi tajiri. Gari lililoshuka melini likiwa zima lilikuwa la watu wa aina nyingine.

Mafundi wenzake walimcheka.

"Wewe ni mchinjaji gani," walimwambia, "unauza nyama halafu unamwonyesha mteja machozi ya mbuzi?"

"Akiyaona na bado akala," alijibu Selorm, "hatakuja kunitapikia mlangoni."

Alikuwa na sababu. Kaka yao mkubwa alinunua gari linalong'aa kutoka kwa fundi wa Accra, na hakuambiwa kwamba limewahi kuvunjika mgongo. Siku lilipogongana na mkokoteni, mkokoteni tu, lilijikunja kama karatasi, na kaka huyo tangu hapo anatembea kwa gongo. Selorm hakuzungumza sana juu ya jambo hilo. Alianza kuweka magunia.

Mwaka ninaousimulia, mteja wake alikuwa Mawuena Kpodo, mjane anayeoka mikate. Mtaa mzima ulimwita Daavi, dada mkubwa, hata wazee waliomzidi umri. Mikate yake iliuzwa barabara yote ya Akosombo, lakini kuifikisha ilikuwa taabu. Alikodi teksi, na dereva wa teksi alitaja bei aliyoamka nayo. Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, maana Jumamosi watu huzika, na waombolezaji waliovaa nyeusi na nyekundu hulipa vizuri kuliko mikate. Mara nyingi Daavi aliachwa barabarani na masinia yake, anatazama teksi aliyoikodi ikienda msibani.

Aliuza shamba la mihogo aliloachiwa na marehemu mumewe kule Sogakope, akamletea Selorm fedha zote mara moja.

"Nataka gari refu nyuma," alisema. "Na nataka bei ambayo haitakuwa na mdogo wake kesho."

"Bei ni hiyo hiyo, Daavi. Nikikosea hesabu, nimekosea mimi."

Edem akapata gari linalofaa. Lilikuwa limegongwa mbele upande wa kushoto, injini haikuguswa. Likapakiwa.

Likiwa bado baharini, serikali ikatangaza sheria mpya. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi uliofuata, gari lililogongwa lisingeingia nchini, na litakaloingia lingetaifishwa. Sababu iliyotolewa haikuwa mbaya. Barabara zetu zimeua watu wengi, na mafundi wasio na magunia wana sehemu yao katika vifo hivyo. Lakini sheria haikuuliza nani ana gunia na nani hana. Iliwafungia mlango wote, na siku ile ile waliokuwa na magari mazima ya kuuza walipandisha bei kabla ya chakula cha mchana.

Meli ikachelewa. Selorm akaenda bandarini Tema kumwona Kotei, wakala wake wa forodha, mtu mwenye simu mbili na maneno ya watu watatu.

"Haitafika kabla ya tarehe mosi," Kotei alimwambia. "Usinitazame hivyo, sikuipuliza mimi. Lakini inapitia Lomé kwanza. Lishushe Lomé, ulinyooshe huko huko, uvuke nalo mpaka pale Aflao. Sheria inakataza gari lililovunjika. Wewe utaleta zima."

"Na ushuru?"

"Wa gari zima."

"Basi faida yangu yote imekwenda."

"Efo Selorm, kaka yangu, bora iende faida kuliko liende gari. Mwenye mikate utamwambia nini? Ale usukani?"

Selorm alikubali. Simsifu kwa hilo. Anayeipita sheria kwa mlango wa nyuma hawezi kusema ameiheshimu eti kwa sababu hakuvunja kitasa. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na alimwambia mkewe hivyo. Lakini alikuwa ameshika shamba la mjane mkononi.

Akaenda Lomé, akakaa kwa binamu yake upande wa pili wa mpaka, mpaka uliochorwa katikati ya ukoo mmoja. Alifanya kazi uani chini ya mabati, majirani wakitoka na bakuli zao za akple, ugali wa huko, kumtazama. Alinyoosha bodi, akabadilisha taa, boneti, rejeta na mifuko ya hewa, akapiga rangi. Kila alichokitoa alikitia guniani. Gari lilipokwisha, Kotei alikuja kulitazama. Akalizunguka, akapiga mluzi, kisha akaliona gunia kwenye kiti cha nyuma.

"Hilo linakwenda wapi?"

"Kwa Daavi."

"Efo, tafadhali. Huwezi kupita forodha na jeneza halafu useme hakuna aliyekufa. Litupe. Ukifika Ashaiman mwokotee vyuma vingine, vyuma viko vingi."

"Vyuma vingine si vya gari hili."

"Atajuaje?"

"Mimi nitajua."

Kotei aliinua mikono. "Sawa. Lakini wakiuliza kama limewahi kugongwa, sema hujui. Hujui si uongo. Nusu ya nchi haijui."

Walifika Aflao asubuhi. Afisa wa forodha alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, hana haraka na hana hasira. Alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye ukingo wa boneti, akakitazama kidole.

"Rangi mpya," alisema. "Gari hili limewahi kugongwa?"

Kotei alikohoa. Selorm alikuwa amewauliza wauzaji swali hilo hilo maisha yake yote, akawadharau waliolikimbia.

"Limegongwa, madamu. Mbele kushoto. Vipande vyake viko nyuma, kwenye gunia."

Afisa alilifungua gunia, akatoa taa iliyopasuka, akaishika juu kama anayepima yai. Kisha akamgeukia Selorm.

"Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "hakuna aliyeniletea ushahidi wa kujifunga mwenyewe, tena umefungwa kwa kamba nzuri."

"Ni kanuni yangu, madamu."

"Mimi nami ninayo yangu. Gari lililogongwa haliingii."

Gari likapelekwa ghalani, likawekwa mstarini pamoja na mengine yanayongoja mnada. Selorm akaruhusiwa kuondoka na gunia, kwa kuwa sheria haikusema lolote juu ya magunia. Ndani ya basi la kurudi, walipofika Sogakope, Kotei alisema, "Ungesema hujui. Herufi chache tu."

Daavi Mawuena alikuja gereji jioni hiyo hiyo. Alikuwa amekwisha kusikia. Alisimama mlangoni, akalitazama gunia lililoegemezwa ukutani.

"Kwa hiyo hilo ndilo gari langu."

"Daavi, keti."

"Nikae juu ya nini, bampa? Efo Selorm, nilikuletea shamba. Shamba la mtu aliyekufa. Wewe umelifikisha mpakani, ukaulizwa neno moja, ukalitoa shamba langu kama chenji."

"Nilisema kweli."

"Kweli ilikuwa ya kwako. Shamba lilikuwa langu."

Sidhani kama maneno hayo yana jibu rahisi. Mtu ana haki ya kulipa gharama ya ukweli wake. Kumlipisha mwenzake ni jambo jingine. Selorm alilifikiria, kisha akasema mbele ya mafundi wote, wasije wakakosa kusikia:

"Likiuzwa mnadani, chukua gereji hii. Vifaa, jeki, mashine ya kuchomelea, na nafasi yenyewe. Uza ununue gari."

"Na wewe?"

"Nitafanya kazi kwa mtu."

Daavi alifuta mikono yake kwenye kitenge ingawa haikuwa na unga.

"Wewe ni mjinga," alisema hatimaye. "Lakini wajinga wa namna yako ni wachache. Tungoje mnada."

Wakangoja. Mikate iliendelea kuachwa barabarani siku za Jumamosi. Gereji ikatulia, maana hakuna gari lililogongwa lililoshuka Tema, na wateja waliokuja kuuliza bei ya mazima waliondoka wakicheka kicheko kisicho na furaha. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameweka akiba miaka mingi alisema ameamua kuezeka nyumba, kwa sababu bati angalau halibadiliki bei likiwa baharini. Waagizaji wa magari waliandamana mbele ya bunge, madereva wakafunga teksi zao vitambaa vyekundu. Makanisani watu walitoa maombi ya gari, jambo ambalo mimi sikulipenda, ingawa niliinamisha kichwa pamoja nao.

Asubuhi moja Daavi alikuwa mbele ya tanuri akitoa mikate ya kwanza. Redio ilikuwa juu ya mfuko wa unga. Msomaji wa habari akasema kwamba, baada ya kusikiliza malalamiko ya wananchi, serikali imesimamisha ile sheria ya magari yaliyogongwa mpaka itakapotangazwa tena, na yaliyoshikiliwa mipakani yarudishwe kwa wenyewe baada ya kulipiwa ushuru na gharama za ghala. Daavi hakungoja habari za mpira. Alivuka barabara akiwa na koleo la mikate mkononi, unga mpaka viwikoni, na mafundi waliomwona akija hivyo walidhani amekuja kumpiga Selorm.

"Wameliachia," alisema. Akaketi, safari hii bila kuchagua, juu ya gurudumu bovu. "Efo, wameliachia."

Selorm alikuwa chini ya gari la mteja. Miguu yake ilionekana, haikutikisika.

"Umesikia?" aliuliza Daavi.

"Nimesikia. Niache kwanza nilale hapa kidogo."

Mafundi wakacheka, naye Daavi akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga wa mashavuni. Mikate ya tanuri lile iliungua yote, na hakuna aliyeiulizia.

Siku iliyofuata walikwenda Aflao pamoja kwa gari dogo la Selorm, wakiwa na gunia. Afisa yule wa miwani aliwakumbuka.

"Mwenye ushahidi amerudi," alisema.

"Nimerudi, madamu. Kwa kuwa lilikuwa limegongwa, na vipande hivi hapa, je, ushuru wake si ule wa mabovu?"

"Gari ninaloliona ni zima. Ungelileta Tema likiwa limevunjika, ukaliacha ghalani, ukangoja, leo ungelipa nusu. Umelitengeneza kwa mkono wako mwenyewe." Akalisukuma gunia pembeni kwa mguu, kwa upole. "Hili haliendeshwi, kaka."

Alikuwa na haki. Mtu aliyekimbia sheria kabla haijamfikia huchoka bure inapogeuka njiani. Zaidi ya ushuru, kulikuwa na gharama za ghala kwa siku zote gari lilizolala pale. Daavi alifungua mkoba wake.

"Tugawane," alisema.

"Bei niliyokutajia ndiyo bei."

"Usiwe mkaidi. Nimeona kwa macho yangu."

"Daavi, nilikosea hesabu mimi."

"Basi utakula mikate yangu mpaka nife. Na hilo si ombi."

Hilo alilikubali.

Jioni, uani kwa Daavi, majirani wakakusanyika. Daavi alilimwaga gunia chini, akapiga magoti, akashika kipande kimoja kimoja, akiuliza kila kimoja kilikuwa cha nini, na Selorm akamweleza. Alipomaliza alisimama, akashika funguo. Bampa lililokunjika leo limelazwa kando ya tanuri, na juu yake hupozwa mikate. Jumamosi ya kwanza alipita na gari lake kwenye kituo cha teksi, masinia yamejaa nyuma, madereva wakiwa wamevaa tayari kwa mazishi.

"Daavi," mmoja aliita, "leo hutaki teksi?"

"Leo mkazike kwa raha," alijibu, akapita.

Selorm bado ana gereji yake, na bado hauzi gari bila gunia. Sheria ile ilimgharimu faida yote ya gari lile. Gunia lilimgharimu gari lake mwenyewe, aliloliuza siku ile ile pale Aflao kulipa ghala. Anakwenda kazini kwa miguu.