Leseni Iliyoongezwa Muda

Leseni yangu iliisha katika miezi ile ya korona. Nilikwenda ofisini kuihuisha, nikakuta ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na mlinzi akanirudisha: muda umeongezwa kwa wote, hawataki msongamano. Nikaomba karatasi ya kuonyesha barabarani.

"Imetangazwa redioni, kaka. Karatasi ya nini tena?"

Nikarudi zangu nyumbani, mtaa wa Gongoni, nimekasirika na sina la kufanya.

Asubuhi moja mjomba alipiga simu kutoka kijijini kwetu, njia ya Nzega. Mama amefariki. Wangemzika baada ya sala ya adhuhuri, maana siku hizo kila mtu aliogopa mkusanyiko. Kwetu mwili wa mwanamke ukiteremshwa kaburini hupokelewa na watu wake wa karibu, na mama alikuwa na mtoto mmoja tu, mimi. "Wahi," mjomba akasema. Nikawasha kigari changu.

Trafiki alinisimamisha nje kidogo ya mji. Akaitazama leseni.

"Imekwisha hii."

"Muda umeongezwa, afande. Wametangaza."

"Mimi hawajaniletea tangazo. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Macho yakamcheka juu ya barakoa. Kumbe yeye ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu mpaka pwani.

"Ndiyo maana! Babu zenu walikuja kwetu na mizigo ya watu bila leseni, na wewe unataka iwe hivyo hivyo!"

Siku nyingine ningemrudishia, tena kwa riba. "Nina msiba, afande. Mama amefariki, nakwenda kumzika."

Akacheka mpaka akashika boneti. "Mnyamwezi akibanwa anamuua mama yake! Mtani, tafuta uongo mwingine."

Hasira zilinipanda. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukinuna ndiyo kwanza anaongeza. Nikanyamaza, naye akadhani kunyamaza kwangu ni sehemu ya mchezo. Alitia leseni mfukoni, akapiga simu kituoni kuulizia huo muda. Haikupokelewa. Akaenda kusimamisha lori, kisha jingine, na jingine.

Nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka upande wa mjini. Nilimchukia yule mtu, nikaichukia redio, nikajichukia na mimi kwa kukaa pale kama mzigo uliotuliwa. Ningefanya nini? Leseni ilikuwa mfukoni mwake.

Simu ilipoita baadaye, niliipokea kwa pupa, nikabonyeza spika bila kutaka. Alikuwa mjomba.

"Tumemaliza. Tulikungoja, mwanangu, ikashindikana."

"Nani kampokea?"

"Mimi na jirani." Kisha akaongeza, "Alikuwa mwepesi. Hakututaabisha."

Trafiki alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Akavua kofia. Hakuniita mtani tena. Akanirudishia leseni kwa mikono miwili, akaniambia naweza kwenda.