Wa Kwangu Sikumuuliza

Sinywi pombe, sikuwa na homa, na usiku wa kuamkia siku ile nililala vya kutosha. Nayasema mapema ili usihangaike kunitafutia sababu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa London.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikamlea mdogo wangu Zuhura. Sasa tunaishi Tottenham. Kiangazi kile nilipata kazi ya upishi kwenye kambi ya watoto, kule mwisho wa reli ambako mji unaishia msituni. Watoto hulala huko wiki nzima, na vijana wanaowaangalia huajiriwa kwa msimu tu.

Vijana hao walikuwa hawakai. Mtu anafika Jumatatu, Alhamisi keshabeba begi. Meneja akaniomba, "Wewe wanakusikiliza. Nisaidie wabaki." Basi kila jioni, watoto wakishaingia mahemani, nikawapikia vijana chai ya maziwa na mandazi, na kila mmoja nikamuuliza yale matatu niliyomlelea Zuhura: umekula? Umelala? Umepiga simu nyumbani? Niamini, wiki mbili nzima hakuondoka mtu.

Zuhura naye nilimtafutia kazi pale, ya kuangalia watoto. Yeye sikumuuliza kitu. Ni wangu, sikutaka waseme nampendelea. Siku aliponijia macho mekundu nilimjibu kwa Kiingereza, makusudi, wenzake wasikie: jikaze, hapa hatudekezani. Wakacheka. Zuhura akaweka kikombe chake chini, akatoka.

Kesho yake, saa tatu usiku na nje bado kweupe, maana jua la kiangazi huku halina haraka, nilikuwa peke yangu jikoni nasuuza vikombe. Kugeuka, binti kakaa mwisho wa benchi. Kavaa fulana ya kambi, lakini ya njano. Zetu zilikuwa za buluu. Nywele zinamchuruzika maji. Mvua ipi? Siku nzima hatukuona wingu.

"Da' Mkubwa," akasema, "mbona mimi huniulizi?"

Kwa Kiswahili! Pale kambini Kiswahili tulikuwa nacho wawili tu, na jina hilo huniita Zuhura peke yake, tena nyumbani.

Nikasema, "Umekula?"

"Usijisumbue," akanijibu kwa upole. "Mimi hawakuniuliza, nikaondoka peke yangu kwa njia ya bwawani. Leo nimepata wa kufuatana naye."

Sikungoja anitajie nani. Nilitoka mbio, na vikombe nikaviangusha. Zuhura nilimkuta kwenye mlango mdogo wa nyuma, ule unaoelekea bwawani, begi mgongoni, mkono wa kulia umenyooka mbele kama aliyeshikwa na mtu. Nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Kiganja chake kilikuwa baridi, kimelowa, kinanuka tope.

"Umekula?" nikamuuliza. "Umelala?"

Akanitazama kama mtu anayenifahamu kwa mbali. "Umechelewa, Da' Mkubwa. Yule dada ameshaniuliza. Yote matatu."

Meneja nilipomtajia fulana ya njano, alivuta kiti akakaa. Akaniambia ziliachwa zamani, baada ya kiangazi ambacho binti mmoja wa kuangalia watoto aliondoka jioni. Kila mtu alidhani kaenda kwao. Hakuna aliyepiga simu kuuliza mpaka msimu ukaisha.

Tuliacha kazi siku iliyofuata. Zuhura yu hai, namshukuru Mungu, lakini kiganja chake cha kulia hakijapata joto mpaka leo. Na kila kiangazi, ikifika saa tatu na jua bado lipo, namkuta kasimama mlangoni keshavaa viatu. Simuulizi anakwenda wapi. Namuuliza yale matatu, narudia tena na tena, mpaka giza liingie avue.

Nawe unayesimamia vijana wa watu, waulize, ni vizuri. Ila anza na wako, yule unayedhani hana haja ya kuulizwa. Wewe ukinyamaza, yupo mwingine anayemngoja nje, na maswali anayajua.