Nukta Tatu Nyuma ya Kadi

Juzi nilisoma kwamba madaktari wanabishana: saratani ya mji wa mimba ikigunduliwa mapema, upasuaji wa matundu madogo ufanywe kwa mkono wa daktari au wa roboti? Nililikunja gazeti kwa hasira. Wenzetu wanachagua mkono.

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi Garissa, mgeni kutoka Nyeri mwenye mdomo usiotulia. Jirani yangu wa mtaa wa Iftin, mama aliyeniuzia maziwa ya ngamia, alianza kutokwa na damu miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Nilimburuta hadi hospitalini. Daktari akasema ni saratani, ila bado changa. Akipasuliwa na kutolewa mji wa mimba, huenda akapona. Akapangiwa Jumatatu.

Mama aliogopa kisu. Dada yake aliwahi kupasuliwa, hakuamka. Basi mimi, kwa kutaka kumtuliza na kujionyesha msomi, nikamwambia kwamba ng'ambo siku hizi wanatoboa matundu matatu tu, wanapitisha kamera na vyombo vyembamba. Nikageuza kadi yake ya kliniki, nikachora tumbo, kitovu, na nukta tatu.

"Sista, hii ndogo ndio mzuri," alisema.

"Huku kwetu haipo, mama. Wewe ni Jumatatu."

Jumatatu kitanda chake kilikaa kitupu. Nikaambiwa amekwenda kwa jamaa zake Sangailu. Kimoyomoyo nilimwita mjinga.

Alirudi baada ya miezi, amekonda hadi bangili zinamteleza, lakini anatabasamu. Akafunua tumbo: makovu matatu ya moto. Kwao, tangu zamani, ugonjwa wa tumbo huchomwa kwa kijiti chenye kaa, na mganga alipoonyeshwa kadi hakuona jambo geni.

"Ile ndogo iko Sangailu, sista. Mzee amefuata karatasi yako. Wallahi, nimebona."

Daktari alimpima, akaniita pembeni. Ilikuwa imesambaa, hapakuwa tena na cha kukata.

Wiki zake za mwisho nilimpangusa tumbo mwenyewe kila asubuhi, na niliona aibu kila nilipofika chini ya kitovu. Siku ile nikichora, kalamu iliteleza, nukta ya kushoto ikashuka kidogo. Kovu la kushoto nalo lilikuwa limeshuka.