Diski Zilizotoka Studio ya Kibondo

Mume wangu alikuwa mpiga picha Kibondo mjini, na alipofariki aliniachia katoni ya diski za kompyuta alizohifadhia picha na video zake. Siku ya kumaliza matanga nguo zake ziligawanywa, pikipiki akapewa kaka yake. Kamera zilikuwa zimeshauzwa wakati wa matibabu. Katoni ikabaki imeegemea ukuta, hakuna aliyeisogelea.

"Hizo ni zako," mama mkwe akaniambia mbele ya ukoo. "Mwanangu amekaa nazo kuliko alivyokaa na wewe."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia kilio, wakanishika.

Mimi si mtu wa Kigoma. Nilizaliwa Njombe, nikapangiwa kazi ya ualimu Kibondo nikiwa sijawahi kumsikia mtu akiongea Kiha. Huyu bwana nilimwona mara ya kwanza kwenye mahafali ya shule, amepanda juu ya dawati, anawapanga wanafunzi kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Wewe mrefu, rudi nyuma! Dada, kidevu juu, leo si msiba!" Sauti yake ilikuwa kubwa, yenye mikwaruzo kidogo, na alichanganya Kiswahili na Kiha bila mwenyewe kujua kimoja kimeishia wapi. Tulipooana alikuwa akipiga picha na video za harusi, vipaimara na mazishi, kuanzia Murungu mpaka Kumsenga. Kisha koo likaanza kumuuma. Walipogundua kuwa ni saratani, ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, na kitu cha kwanza ulichochukua ni ile sauti. Miezi ya mwisho aliongea kwa mikono na kwa macho. Nikazoea. Nilizoea mno, kiasi kwamba baada ya kumzika nilijaribu kuisikia sauti yake kichwani, nikakuta hamna kitu.

Niliomba uhamisho kwenda Kasulu, ili niwe karibu na mama mkwe anayeishi Heru Juu. Katoni nikaiweka chini ya kitanda, na pengine ingekaa hapo mpaka leo kama asingekuja mama mmoja kutoka Murungu.

Alikuja Jumamosi asubuhi na basi, amevaa vitenge viwili vinavyofanana, akaulizia nyumba ya mke wa mpiga picha mpaka akafika. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, na nyumbani kwao hapakuwa na picha yake hata moja. "Lakini kwenye harusi ya mdogo wangu alipigwa," akasema. "Marehemu mume wako alimkalisha kwenye kiti cha bwana harusi. Mama alifurahi sana siku ile."

Nikavuta katoni. Diski ya kwanza niliyochomeka kwenye laptopu haikufunguka. Ililia tu kwa ndani, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Ya pili ikafunguka. Tulitafuta pamoja mpaka mchana, mimi nikitafuta, yeye akiniambia, "Siyo hao, hao ni wa Kumsenga, nawajua." Tulipompata mama yake, hakulia kama nilivyotarajia. Aliinamia kioo, akagusa paji la uso la yule bibi kwa kidole, akasema kwa sauti ya chini, "Mbona nilikuwa nimesahau kuwa alikuwa na mwanya?"

Alipoondoka nikabaki naitazama ile diski iliyokuwa ikigonga. Jumatatu baada ya vipindi nikaipeleka sokoni kwa fundi.

Fundi huyu ni mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alikuja Kasulu kutoka Tanga akiuza nguo, naye akabaki na duka la simu na kompyuta. Alimfahamu mume wangu. Akanipa pole upya, kana kwamba msiba ulikuwa wa jana, ndipo akaisikiliza diski, ameiweka karibu na sikio.

"Hii imechoka, mwalimu. Sikuahidi kitu. Ziko nyingine ngapi?"

"Katoni."

"Zina umri gani?"

"Nyingine ni za kabla sijaolewa."

Akatikisa kichwa. "Basi usikae nazo hivi. Jenga seva yako nyumbani. Mtambo mmoja, diski mbili kubwa mpya, kila kitu kikae humo. Kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye hii. Moja ikifa, ya pili inakuwa nacho."

Mimi nafundisha baiolojia. Neno seva nilikuwa nalisikia pale tu mtandao wa matokeo ya mitihani unapogoma, tukiambiwa seva imezidiwa. Akilini nilikuwa naiona ni kitu cha chumba kizima, chenye walinzi na baridi kali. Nikamwambia nyumba yangu ni ndogo. Akacheka mpaka akavua miwani.

Seva yangu, ilipoletwa, ilikuwa boksi la bati la kompyuta kuukuu lililotolewa kwenye ofisi fulani, limekwaruzwa ubavuni. Halikuwa na kioo wala kibodi. Nilisimama nalo sebuleni kama mtu aliyeletewa mgeni naye hajui pa kumkalisha.

"Nitaonaje kilichomo?" nikauliza.

"Utaona kwenye laptopu, au kwenye simu. Lenyewe kazi yake ni kutunza. Halihitaji kutazamwa."

Akalifungua. Nilitegemea kuona mambo mengi, lakini ndani nafasi kubwa ilikuwa tupu, na vumbi la rangi ya udongo wetu limeganda kwenye feni. Akanipa brashi nisafishe. Diski mbili mpya zilikuwa zimetoka Dar es Salaam kwa basi, nzito kuliko nilivyodhani, baridi mkononi. Akanionyesha pa kuziingiza, nikaziingiza mwenyewe, nikakaza skrubu mwenyewe, maana alisema mwenye nyumba lazima aijue nyumba yake. Waya mmoja ukaenda kwenye kisanduku cha intaneti, mwingine kwenye betri ya sola, kwa sababu umeme wa kwetu hauagi unapoondoka. Alipobonyeza swichi, feni ikaguna, taa ndogo ya kijani ikawaka, basi. Hapakuwa na kingine. Nilihisi nimepungukiwa. Nadhani moyoni nilikuwa nimetegemea kwamba likiwaka, kitu fulani kitarudi.

Kazi ya kunakili ilikuwa ya taratibu. Asubuhi nilichomeka diski moja, nikaenda shule, jioni nikarudi kuichomoa na kuweka nyingine. Niliona majina ya mafaili yakipita: harusi, msiba, ubatizo, harusi, msiba. Nilikuwa na diski moja niliyoingojea. Mume wangu alikuwa ameibandika plasta nyeupe na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: NYUMBANI. Humo mlikuwa na mambo yetu. Safari ya kwenda Njombe kumtambulisha kwa wazazi wangu. Mimi nimelala na mdomo wazi, picha niliyomsihi aifute. Mama mkwe akimfundisha kuku kupanda ngazi, akiapa kwamba anaelewa Kiha.

Ile haikufunguka. Kumbe ndiyo ile ya kwanza iliyokuwa ikigonga, ila nilipoipeleka dukani nilikuwa sijaigeuza kuona plasta.

Fundi aliihangaikia wiki nzima. Aliiazimia vifaa kwa mwenzake wa Kigoma mjini, akampigia simu mtu wa Dar. Mwisho alikuja mwenyewe nyumbani, jambo ambalo hakuwa na haja ya kulifanya, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, nimeshindwa. Sahani ya ndani imekwaruzika."

"Yote?"

"Yote, dada yangu. Allah akupe subira."

Nilimshukuru, nikamtengenezea chai, tukanywa. Alipotoka niliketi mbele ya lile boksi. Feni yake ilikuwa inazunguka kwa bidii, ikitunza harusi za watu wote wa Kibondo. Kila bibi harusi alikuwa humo, kila jeneza. Sisi tu hatukuwemo. Nilizima, nikawasha tena, sijui kwa nini.

Mama mkwe nilimweleza Jumapili iliyofuata, nilipokwenda Heru Juu. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha, "kwa hiyo hata sura yake haimo?"

"Yeye ndiye alikuwa anapiga, mama. Nani angempiga yeye?"

Akachambua kidogo. "Na mdomo wake? Huyo mtu alikuwa hanyamazi. Alipiga kelele kwenye harusi za watu mpaka nikaona aibu."

Nilimtazama. Siku zote nilizokuwa nikinakili na kuzikagua video, nilikuwa nimezima sauti, maana muziki wa harusi ulikuwa unaniumiza.

Kesho yake akaja Kasulu kwa bodaboda, amejifunga kanga kichwani kuzuia vumbi. Tukakaa sebuleni, nikafungua video ya harusi ya Kumsenga kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu. Ngoma, vigelegele, bibi harusi ameinama. Halafu, karibu kabisa, karibu kuliko watu wote waliokuwa kwenye ile harusi, yeye: "Mzee, sogea kwa mwanao. Sogea, hakuumi! Haya, na tabasamu, ng'ombe umeshapokea!"

Mama mkwe alitoa mlio ambao sijausikia tena. Akaifunika midomo yake kwa viganja viwili. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Mikwaruzo ile. Jinsi alivyolivuta neno "haya". Tuliirudia, tukairudia, mpaka yule mzee na tabasamu lake la kulazimishwa wakawa kama ndugu zetu.

Ilipoisha, mama mkwe akapangusa uso. "Huyo binti yuko hai?"

"Sijui, mama."

"Mtafute, umpe hiyo harusi yake."

Nikamtafuta. Nilimpata kwa kuulizia kwa walimu wenzangu wa zamani, nikapanda basi na flashi mfukoni. Alikuwa na genge dogo la ndizi na nyanya, mwenye watoto watatu na mikono ya mtu anayelima. Nilipomweleza nimeleta nini, uso wake ukafunga.

"Mwalimu, asante kwa safari. Lakini sitaki. Yule bwana alikwishaniacha, sasa ana mwingine huko Mpanda. Nikiziangalia zitanisaidia nini?"

Nilikuwa nimetoka Kasulu nikijiona naleta zawadi. Nikamwambia basi, si kitu, nikaanza kufunga mkoba.

"Ngoja," akasema. "Baba yangu yumo?"

"Yumo. Anaambiwa asogee kwako."

Akazipanga nyanya zilizokuwa zimeshapangwa. "Alifariki mwaka uliofuata. Niachie hiyo ya baba. Hizo nyingine baki nazo wewe, watoto wakikua wakitaka, wataziulizia."

Tulimkata baba yake kutoka kwenye picha niliyokuwa nayo kwenye simu, pale pale gengeni, kidole chake na changu vikigongana kwenye kioo. Bwana harusi akabaki nje. Hata mkono wake uliokuwa begani kwa mzee tuliutoa, ingawa ilibidi kupoteza sikio moja la mzee. Akaitazama, akasema inatosha. Kisha akaniuliza kama nami napiga picha kama mume wangu. Nikasema hapana, sijui. Hata hivyo akawaita watoto, akawafuta pua kwa upindo wa kitenge, akasimama nao mbele ya ndizi.

Nilinyanyua simu. Walikuwa wananitazama wote, wamekakamaa, wanangoja niseme kitu.