Kuku Waliolalia Maranda

Mtetea mwekundu alianza kutetemeka shingo wakati Polikarpo anapiga tupa mguu wa kinyago. Alimtazama kwa jicho la pembeni, akadhani ugonjwa wa mdondo umeingia tena mtaani Kipawa. Lakini kuku wa mdondo huzubaa, hali chakula. Huyu alikuwa anakula vizuri tu, ila shingo ilimcheza kama mtu mwenye homa ya baridi, na mayai yake siku hizo yalikuwa na ganda jepesi, yakipasukia mkononi.

Polikarpo alikuwa mchongaji, mtu wa Masasi, mpole kiasi kwamba majirani walitania kuwa ukitaka kuisikia sauti yake umkanyage. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda cha kuchongea, na ubavuni mwake banda la kuku. Maranda hakuyatupa. Aliyamwaga bandani, kuku wakatagia humo na kuogea vumbi lake. Baba yake alifanya hivyo kule kusini, naye hakuona sababu ya kuacha.

Ndani ya nyumba alikuwapo binti yake Auleria, aliyekuja kujifungua, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mwanamke. Wakati wa mimba, Felicitas, mama yake, alimkataza mayai asije akazaa mtoto asiye na nywele. Alipojifungua, wanawake wa mtaani walitaka mwiko uendelee. Hapo Polikarpo, ambaye hakuwahi kuingilia mambo ya wanawake, akasema, "Redioni wanasema mzazi ale mayai. Kuku ninao. Ale." Tangu hapo kila asubuhi aliokota yai lingali na joto, akalipeleka jikoni mwenyewe, likavurugwa kwenye uji.

Asubuhi ile, baada ya kulipeleka yai kama kawaida, alikwenda kununua kiberiti dukani kwa Muhdhar. Alimkuta bwana afya, Gaudens, anakagua vyakula.

"Mzee Muhdhar, mayai haya yametoka wapi?"

"Kwa watu tu, bwana afya. Yai halina kabila."

"Waulize wanaokuletea wanatumia dawa gani kwa kuku wao. Kuna mtu kule Boko kawapaka dawa ya unga ya kuulia wadudu, eti kumaliza utitiri. Dawa ile haiishi, mzee wangu. Inakaa kwenye mafuta ya kuku, inaingia kwenye yai. Ukilichemsha imo, ukilikaanga imo. Mama anayenyonyesha akila, inapita kwenye maziwa."

"We bwana, mie nimetoka kula mawili sasa hivi! Unataka nifie hapa kwenye mizani?"

"Kuku wenyewe wanasema. Wakizidiwa, wanatetemeka."

Polikarpo alitaka kusema kwamba yeye kuku wake hajawapaka kitu. Halafu akakumbuka gunia la unga kule kibandani.

Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamerudisha vinyago vilivyotobolewa na bungua, na tangu masika wachongaji waligawiwa unga mweupe wa kuulia wadudu hao, waunyunyizie magogo. Yeye aliunyunyiza kwa mkono, akayaacha magogo yalale, kisha akachonga. Na maranda yote yalikwenda bandani.

Aliondoka bila kiberiti. Njia ile aliyoipita kila siku ilimrefukia. Kila alipovuta pumzi aliona yai, lile la asubuhi ile, lingali na joto kiganjani.

Auleria alikuwa mkekani, mtoto yuko kwenye titi, bakuli la uji karibu na mdomo. Felicitas alikuwa anamchezesha mjukuu kidole.

"Mume wangu huyu anajua kula," alisema akicheka. "Si kama yule mzee wa vinyago."

Mkono wa mtoto uliruka, ukatetemeka, ukatulia.

"Usile!"

Sauti ya Polikarpo ilivuka ua. Bakuli lilianguka, mtoto akaangua kilio. Polikarpo akawaeleza yote, maneno yakikwama na kuanza upya.

"Mie nilisema!" Felicitas alipiga kiganja pajani. "Nilisema mayai si ya mzazi, Baba Auleria! Wewe na redio yako!"

Polikarpo alirudi mbio kumfuata bwana afya.

Gaudens alikagua banda, akaokota mayai ya kupeleka maabara mjini, akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Watoto wachanga hushtuka hivyo. Huenda ni hilo tu. Mie siwezi kuapa. Mpelekeni kliniki leo hii."

"Na titi nimnyime?" Auleria aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Hapana, dada, mnyonyeshe. Mayai na kuku hawa ndiyo basi. Wasiliwe, wasiuzwe. Maranda yafukieni mbali na kisima."

Kliniki walimpima mtoto, wakasema ananyonya vizuri, arudishwe kila wiki waendelee kumwangalia. Jibu la maabara lingengojwa.

Polikarpo alichimba shimo, akawachinja kuku, akawafukia pamoja na mayai na maranda. Aliosha mikono, akaiosha tena, akaenda kuketi mkekani kando ya mjukuu. Alimpa kidole, mtoto akakishika. Kikawa kinatetemeka. Ndege ilipita chini ikielekea uwanjani, nyumba ikanguruma, ikanyamaza, na kidole kikaendelea kutetemeka. Polikarpo aliinama karibu, akakodoa macho, asijue mtetemo ule unatoka kwa mtoto au mkononi mwake mwenyewe.